Nilivyomsemea Shemeji Boila

Machi 9

Mvua imeanza. Wateja hawaji, maana mwenye kiatu kinachovuja hukaa kwake mpaka jua litoke, na jua likitoka anasahau kwamba kiatu kinavuja. Basi nimeshika kalamu. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu akachoka kabla yangu. Atakayekuta kosa humu alisahihishe kimyakimya, asinipigie kelele.

Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana. Niliweka beseni. Shemeji akalisogeza, eti mambo ya maji mwachie mwanamaji. Sasa maji yanaanguka sakafuni, na beseni liko pembeni, kavu, linatazama.

Machi 10

Wacha nimwelezee huyu shemeji, maana ndiye habari ya nyumba hii. Alimwoa dada yangu. Dada alipofariki nilikuja kumpa pole, nikakaa. Tumebaki wazee wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake aoshe sufuria.

Ujanani alikuwa mwanamaji kwenye meli ya kivita, chumba cha injini, chini kabisa, kazi yake kulisha moto wa boila na kuchunga mvuke. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Boila. Yeye ananiita Soli, kwa sababu mimi ni fundi viatu, na kwa sababu, anavyosema, sura yangu imekanyagwa sana. Vita alipigana mwanzo mpaka mwisho, ila hakuviona. Adui hakumwona hata siku moja, aliona geji tu, vile vipimo vya mvuke. Mwaka jana watoto wa shule waliletwa wamwulize vita vilikuwaje. Akawaza sana, akasema kwa ile sauti yake ya kuita mtu ng'ambo ya mto: "Kulikuwa na joto!"

Masikio aliyaacha hukohuko. Injini ziliyamaliza. Kule chini hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hiyo waliongea kwa mikono, na mikono hiyo akaja nayo nyumbani. Akamfundisha dada yangu, dada akanifundisha mimi, tukaanza na matusi. Ngumi ikipanda: ongeza. Kidole chini ya jicho: chunga. Kiganja kikipangusa hewa kama mtu anayefuta ubao: acha, usiguse. Hiyo ya mwisho ndiyo anayoipenda kuliko zote. Kichwa chake usikitegemee. Ni kiziwi mwenye adabu, anaitikia kila kitu. Ukimwuliza kama yeye ni mbuzi, ataitikia na kutabasamu.

Machi 13

Mvua. Tumegombania kibiriti. Nimeshinda.

Machi 14

Kumbe kibiriti kilikuwa mfukoni mwangu. Sijamwambia.

Machi 18

Baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Boila amechemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akatumbukiza miguu bila hata kuyaonja kwa mkono. Mvuke ulipanda ukaziba miwani yangu. Nikamwonyesha: moto huo!

"Moto?" akacheka. "Soli, sisi tulikuwa tunaoga haya! Haya ni ya mtoto mchanga!"

Nikamwambia basi akae humo nikalete vitunguu na chumvi. Akacheka mpaka akakohoa. Ana kisukari cha siku nyingi, na nesi alishatuonya kwamba miguu ya mwenye kisukari haisikii. Tulimcheka nesi pia. Masikio hayasikii, sasa miguu itasikia nini?

Machi 19

Mguu wa kulia umetoka malengelenge makubwa kama mayai ya njiwa. Akapangusa hewa: acha. Nimeacha.

Machi 25

Leo amevua soksi, soksi ikaja na ngozi. Nikamwambia twende zahanati. Akapangusa hewa. Nikamwambia nitampigia simu binti yake. Akapangusa hewa kwa mikono miwili.

Binti yake ni mwalimu mkuu wa shule ya bweni, mji wa mbali. Akiingia chumbani hata viti vinanyoosha mgongo. Sisi wawili tunamwogopa sawasawa, kwa hiyo simu sikupiga. Nimekisafisha kidonda, nikakifunga kwa kitambaa cheupe. Nimefunga vizuri, kazi za miguu nazijua. Lakini kuna doa jeusi kwenye kidole kidogo, na doa hilo halijanipendeza.

Machi 29

Doa limekuwa vidole viwili. Na harufu. Nimepiga simu.

Machi 30

Mwalimu Mkuu atakuja akimaliza kufunga shule. Amenigombeza kwenye simu kama mtoto wa darasa la pili. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilifika la nne." Hakucheka.

Aprili 3

Leo usinihukumu kwa mwandiko.

Tulikuwa tunakunywa chai. Alikuwa ananisuta kwamba chai yangu ni maji yaliyooneshwa picha ya majani. Katikati ya neno akanyamaza. Kikombe kikainama mkononi mwake, taratibu, chai ikamwagikia mapajani, naye akaitazama kana kwamba ni chai ya mtu mwingine. Mdomo umekwenda upande. Nikamwita. Nikasahau kwamba hasikii. Nikamwita Boila, nikamwita shemeji, nikamwita kwa jina lake lenyewe ambalo sijalitamka tangu harusi ya dada.

Jirani alituazima gari lake la kubebea matofali. Nilikaa nyuma naye, mvua inatupiga, nikamfunika kwa aproni yangu ya kazi yenye gundi. Njia nzima jicho lake moja lilinitazama. Sikujua linasema nini, nami ndiye niliyezoea kulijua kila tusi lake.

Aprili 6

Ni kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, na maneno yamekwenda. Herufi pia zimekwenda. Nesi alimwandikia swali kwenye karatasi, akaitazama kama mtu anayetazama sisimizi wanavyopita. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, na mkono huo hapa wodini hakuna anayeuelewa isipokuwa mimi. Binti yake amefika. Yeye alipelekwa bweni akiwa mdogo, lugha ya mikono ya babake hakuishika. Kwa hiyo kila saa ni "mjomba, anasema nini? mjomba, anataka nini?" Maisha yangu yote sijawahi kuwa mtu muhimu hivi.

Nakiri kichwa kimevimba kidogo.

"Mjomba, anasema nini?"

"Anasema kiti anachokalia mjomba wako ni kigumu."

"Baba amesema hivyo?"

"Kwa masikitiko."

Kikaletwa kiti chenye mto. Baadaye nikaeleza kwamba anaomba chai ya mchana iwe na sukari.

"Baba ana kisukari, mjomba!"

"Chai yangu. Anaona jinsi ninavyokonda."

Boila haoni vibaya, aliona nimekalia mto. Akanionyesha kwa kushoto lile tusi la kwanza kabisa alilomfundisha dada.

"Na hiyo?"

"Anakushukuru kwa kuja, mwanangu."

Binti akalia. Hapo nikaona aibu, lakini chai ilikuwa imeshafika.

Aprili 10

Siandiki mzaha leo.

Daktari ametuita pembeni ya kitanda. Kijana mpole, miwani safi. Mguu umeoza kwa ndani mpaka kwenye kifundo. Sumu itapanda. Wakiukata chini ya goti ana nafasi ya kuishi. Wasipoukata, wiki chache. Daktari hataki kuitikiwa kwa kichwa tu, alishamwuliza Boila kama yuko tayari akaitikia, akamwuliza kama hayuko tayari akaitikia pia.

Binti akasema, "Sitatia sahihi mpaka baba aseme mwenyewe. Ni mguu wake. Mjomba, mwulize."

Nikamwuliza. Nikaugusa mguu, nikafanya msumeno kwa ubavu wa kiganja, nikamwonyesha kitanda, nikamwonyesha kutembea kwa gongo, nikamwonyesha nyumbani. Alifuatilia yote. Akili ipo, jamani, ipo yote. Akanitazama machoni, akainua mkono wa kushoto, akapangusa hewa. Acha. Usiguse.

Hakuna ishara ninayoijua kuliko hiyo.

Tena najua na sababu, wao hawaijui. Aliwahi kunisimulia, siku moja tu, na kwa mikono, hakutumia mdomo. Bomba la mvuke lilipasuka, wakamtoa mwenzake wa zamu kwa vipande. Boila na mwingine ndio waliomshonea turubai la kumzikia baharini, na turubai likawa fupi, fupi kama la mtoto. Alinionyesha urefu wake kwa mikono miwili, akakaa nayo hivyo muda mrefu. Halafu akajigusa kichwa, kifua, magoti na nyayo, akafunga ngumi: mimi nizikwe na vyote.

"Amesema nini, mjomba?"

Nilimtazama nikaiona nyumba. Beseni moja, kikombe kimoja, paa linavuja na hakuna wa kunikosoa. Nitagombana na nani mimi? Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Amesema sawa. Wakate."

Binti akamshika babake mkono uleule wa kushoto, akaubusu. Boila akaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Aprili 11

Sikula.

Aprili 12

Upasuaji ulikuwa uwe leo. Chumba cha upasuaji kimeingia maji ya mvua, umeme umezimwa. Wameahirisha. Nilifurahi, halafu nikaogopa, maana kidole cha tatu nacho kimebadilika rangi. Sijui niombe mvua iendelee au ikome.

Aprili 13

Mvua. Boila ameniuliza kwa mkono: nyumbani lini? Nikajifanya natafuta miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa.

Aprili 14

Mvua. Binti amenunulia babake gongo zuri la mbao, ameliegemeza ukutani. Anamsimulia mipango yote karibu na sikio, kana kwamba masikio nayo yatapona. Atamhamishia kwake, atamwekea reli chooni. Nilimdhani mtu wa amri tu, huyu mtoto. Kumbe amri ndiyo njia yake ya kuogopa. Naye anaitikia, anaitikia. Hata gongo ameliitikia.

Aprili 16

Wamekausha chumba. Ni kesho.

Nesi amekuja na kalamu nene akachora mshale kwenye goti la kulia, ukielekeza chini, wasije wakakosea mguu. Boila akautazama ule mshale. Akautazama muda mrefu kama alivyokuwa anatazama geji zake, nadhani. Kisha akaniangalia mimi.

Sikuwahi kuangaliwa hivyo na mtu yeyote, hata mteja niliyempotezea kiatu kimoja.

Nikamwonyesha: ni kwa uzima wako. Nikamwonyesha: shemeji. Aliuingiza mkono wake wa kushoto chini ya blanketi, akageuza uso ukutani. Mkono ule ndio mdomo wake uliobaki, na ameufunga mbele yangu. Binti akaniuliza, "Amechoka?" Nikasema, "Amechoka."

Nimekaa kwenye kile kiti chenye mto. Kinachoma.

Aprili 17

Nimemwambia.

Nilimkuta binti kwenye korido mapema, fomu mpya ya siku ya leo iko magotini, kalamu mkononi. Nilijikaza kisabuni. Nikasema, "Mwanangu, baba yako alisema hapana."

"Lini? Leo?"

"Siku ile ile. Alisema acha. Mimi ndiye niliyesema sawa."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Akaniuliza, "Kwa nini, mjomba?"

"Sikutaka kubaki peke yangu."

Akaifunika kalamu. Akasema, "Na sukari kwenye chai?"

"Hiyo nayo yangu."

"Na kunishukuru kwa kuja?"

Nikatazama viatu vyake. Visigino vimelika upande mmoja, anakanyagia nje.

"Ungenyamaza, mjomba, baba angeishi," akasema. Kisha akanyanyuka. "Nionyeshe mnavyouliza."

Nikamfundisha palepale koridoni, msumeno, mguu, kitanda, nyumbani. Wagonjwa wanatupita, wanatuona wendawazimu. Akaenda mwenyewe. Mimi nilibaki mlangoni. Aliuliza vibaya, mkono wa msumeno ulikuwa kama anakata mkate, lakini aliuliza. Blanketi likatikisika. Mkono wa kushoto ukatoka, ukapangusa hewa, mara moja, polepole. Binti akainua wake, akapangusa hivyohivyo: nimekusikia. Akaegemeza kichwa kwenye kifua cha babake.

Daktari alikuja anahema. "Lakini mzee huyu alitafsiri kwamba..."

"Mjomba aliusoma vibaya mkono wa kushoto," binti akasema, bila kunitazama. "Tunampeleka nyumbani."

Mwalimu Mkuu, asiyesamehe hata anayechelewa paredi ya asubuhi, amenidanganyia. Niliona haya kuliko kama angenisema.

Aprili 19

Nyumbani. Kitanda tumekiweka sebuleni karibu na dirisha. Tuna dawa ya maumivu na mafunzo ya nesi ya kufunga kidonda. Boila hajaniongelesha. Binti amehamia na masanduku mawili na amelisogeza beseni la jikoni. Sasa linapokea maji. Hakuna aliyesema kitu.

Aprili 22

Bado hajaniongelesha. Nimefunga kidonda, nimefua vitambaa, nimemnyoa. Nimemnyoa nusu ndevu nikaacha nusu, makusudi, nione. Macho yake yamecheka lakini mkono umebaki chini. Nimemaliza kumnyoa.

Aprili 24

Leo nilimletea chai. Akaonja. Akainua mkono: majani kidogo. Nilikimbilia jikoni nikajifanya natafuta majani, maana macho yangu yalikuwa hayafai kuonekana.

Aprili 28

Homa imepanda. Imeshuka. Imepanda. Kila akifumba macho namsogelea nione kifua kama kinainuka. Binti naye hufanya hivyo nikitoka. Tumekutana vichwa juu yake leo, tukagongana. Akafumbua jicho akatuonyesha tusi.

"Hilo nalielewa," binti akasema.

Mei 1

Kuna saa najiambia nilifanya vyema kusema. Halafu napika, nasikia harufu kutoka sebuleni, najiambia ningefunga mdomo angekuwa anatembea na gongo. Nimemwuliza binti kama yeye hujiuliza. Akasema, "Kila siku, mjomba. Nipitishie chumvi."

Mei 4

Mguu umekuwa mweusi mpaka juu ya kifundo. Halii. Anaongea sana siku hizi, mkono wa kushoto haukai. Anamsimulia binti chumba cha injini: hapa moto, hapa geji, hapa nililala juu ya magunia. Binti ananiuliza mimi asipoelewa, nami namwambia ilivyo, hata pale babake anaposema mimi ndiye mwanafunzi mbovu kuliko wote aliowahi kuwa nao.

Mei 6

Mvua imepungua. Boila hali chakula chochote.

Mei 8

Amefariki leo mchana. Nilikuwa naye, binti alikuwa ameenda kuchukua dawa. Siandiki zaidi.

Mei 10

Tumemzika. Jeneza lilipimwa urefu wake wote. Nilihakikisha mwenyewe, fundi seremala akanikasirikia.

Kikosi chake cha zamani kilileta wanamaji kwa sare nyeupe, na udongo wa makaburini ukawashika mpaka magotini, maskini, nikafikiria viatu vile vitakavyokauka vibaya. Walipiga saluti. Ofisa wao, mtu mzima mwenye sauti nzuri, alisoma kwamba marehemu alikuwa simba wa bahari. Boila, ambaye hakujua kuogelea! Nilitazama chini nisije nikacheka.

Walipomaliza, ofisa akatujia. Akampa binti bendera iliyokunjwa. Akasema, "Tumeambiwa mzee alikuwa na mkalimani wake. Tungependa kuwapelekea vijana kikosini neno lake la mwisho."

Binti akanitazama. Maneno mazuri yalinijia tele, jamani, nayajua maneno mazuri, kuhusu nchi na ujasiri na vijana. Yalinijaa mdomoni. Nikayameza.

"Alisema anawashwa mguu," nikasema.

Ofisa akaniangalia. "Samahani, mzee?"

"Alikunja vidole hivi, akaonyesha chini. Unyayo ulikuwa unamwasha, akataka akunwe."

Wanamaji wakatazamana. Binti alikuwa ameishika bendera kifuani, uso umelowa, haikujulikana mvua ni ipi na machozi ni yapi.

"Unyayo upi, mjomba?"

"Ule tuliotaka kuukata."

"Ukamkuna?"

"Nilimkuna mpaka akalala."